Mti Nilioufunga Utepe

Mwanangu Mapendo,

Mvua imenifukuza kazini. Tulikuwa tumeshashusha mashine kutoka kwenye trela pale Eden Prairie, bosi akatazama mawingu, akatutazama sisi, akasema rudini nyumbani, nyasi zilizolowa hazikatiki. Kwa hiyo niko hapa mezani saa nane za mchana, kitu ambacho hujakiona mara nyingi. Wewe na mama yako mmekwenda kununua mashuka. Kwenye mlango wa friji ameacha karatasi yenye mambo kumi na manne ya kukuambia kabla hujaondoka kesho, kuanzia koti la baridi mpaka namna ya kufunga mlango wa chumba chako. Hayo sitayagusa. Kuhusu mashuka sina cha kumzidi mama yako.

Ninakuandikia kwa Kiswahili. Najua unakisoma polepole, kama mtu anayevuka mto akitafuta jiwe la kukanyaga. Ukikwama, soma kwa sauti, utanisikia. Mimi mwenyewe shule yangu iliishia darasa la sita, basi usinihesabie makosa ya mwandiko. Nina makosa mengine ya kukuonyesha.

Wiki tatu zilizopita watu wa kanisa walipokuja kutupongeza kwamba umepata chuo cha uuguzi Duluth, Mama Riziki alikushika mashavu, akasema sasa tumepata muuguzi wetu, tukizeeka tutalala salama. Wewe ukacheka, ukajibu kwa Kiingereza kwamba Mungu awahurumie hao wagonjwa. Kisha ukaongeza, "Mnanijua mimi na vitu vyenye uhai." Watu wote wakacheka. Mama yako alicheka mpaka akaweka chini sahani. Mimi sikucheka. Nilikuwa najua neno hilo umelitoa wapi. Ulilitoa New Hope, kwenye magorofa tuliyokaa kwanza, nyuma ya mapipa ya taka, ukiwa na miaka kumi, na mimi ndiye niliyekupa.

Acha nianze vizuri, maana huenda umeshasahau sehemu nzuri.

Ulikuwa mwaka wetu wa pili hapa Minnesota. Kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania ulizaliwa mahali pasipo na mti. Tulikuwa tumekata yote kwa kuni. Basi ulipouona ule mti wa nyuma ya magorofa, kando ya uzio, ukaufanya wako. Tulikuwa hatujui jina lake. Majani yake yalikuwa makubwa kuliko uso wako, na ulijifunika nayo ukinitisha. Mwezi wa sita ulitoa maua meupe yenye madoa ya zambarau ndani, na baada ya hapo yakaning'inia maganda marefu membamba, ukauita mti wa maharagwe. Ukaniuliza kama tunaweza kuyapika. Nikasema hapana, ingawa sikuwa na hakika.

Mwezi wa saba ukaja mbio, jani mkononi, ukaniita kutoka kwenye ngazi, "Papa, njoo uone." Siku zile bado ulikuwa unanijibu kwa lugha yetu. Juu ya jani walikuwa viwavi sita au saba, wanono, mgongo mweusi, ubavu wa manjano, na nyuma pembe moja imesimama kama mkia wa mbuzi aliyeudhika. Sitakuficha, nilipowaona mate yalinijaa mdomoni. Mimi ni mtu wa Mwenga kule Kongo, upande wa msitu. Msimu wa viwavi kwetu ulikuwa sikukuu. Nilikuwa sijawaona tangu nivuke ziwa.

Mama Riziki, ambaye siku hizo aliishi ghorofa ya chini yetu, akatoka na taulo kichwani, akaweka mikono kiunoni, akauliza, "Hawa huliwa?"

Nikasema tujaribu. Ukanipa mmoja, ukachagua wewe mwenyewe, mnene kuliko wote, ukampa pole kwanza. Nikamkaanga kwa chumvi. Nilipomtafuna, uchungu wake ulikuwa kama klorokwini. Nilitema kwenye sinki, nikasukutua, nikatema tena, na wewe ulicheka mpaka ukakaa chini sakafuni. Mama Riziki akatikisa kichwa, akasema, "Nchi hii, hata kiwavi hana ladha." Akarudi kwake.

Kwa hiyo wakapona, wakawa wako. Kila asubuhi ulikwenda kuwahesabu. Ulinieleza wanavyokula wakiwa wamepangana ukingoni mwa jani kama watu kwenye foleni ya chakula kambini, isipokuwa hawasukumani. Ukaniambia wengine wamebeba watoto wao mgongoni, vitu vyeupe kama punje za mchele. Nikakusadiki. Miaka mingi baadaye kazini nikaambiwa zile punje ni za nyigu mdogo, anayetaga ndani ya kiwavi, na kiwavi huyo hafiki mbali. Sikukuambia. Hilo ni dogo, lakini naliweka hapa pamoja na kubwa.

Jioni moja ukasema unaogopa watoto wa jengo la pili, maana walikuwa wanawatupia mawe. Nikakueleza desturi ya kwetu. Msituni, mtu akiwa wa kwanza kuuona mti wenye viwavi, anachuna gome, anasokota kamba, anaufunga mti kifuani. Akishafunga, anaweza kwenda zake wiki nzima. Kila atakayepita ataona fundo na kujua mti una mwenyewe. Hakuna polisi, hakuna ufunguo.

Ukaniambia, "Tuufunge."

Nilikuwa nimeanza kazi ya bustani na miti mwezi ule ule. Kwenye gari la kazi kulikuwa na mizunguko ya utepe wa plastiki, rangi ya machungwa, inayoonekana toka mbali. Nilikuwa nimechukua mmoja bila kuuliza, kwa sababu ulikuwa mzuri. Tukaufunga mti, wewe ukishika ncha moja, mimi nikizunguka. Fundo ulilifunga wewe. Ukarudi nyuma, ukatazama, ukasema, "Sasa watajua." Ilikuwa Jumamosi.

Jumanne tulipelekwa kwenye nyumba kubwa kando ya bwawa. Uani kulikuwa na miti mitano, mitatu kati yake imefungwa utepe kama ule ule. Shefu wetu, msimamizi wa kazi, akaniambia nisaidie kuandaa ile mitatu. Nikabaki nimesimama. Nikamuuliza Beto, yule Mmeksiko uliyekuja kumjua baadaye, nikasema, hii si ina wenyewe, mbona tunaigusa? Hakunielewa. Nikamwonyesha utepe. Alipoelewa ninachomaanisha, alicheka akashika shina asianguke. Akapitisha kidole shingoni mwake, akasema, "Mzee, huo utepe ni hukumu. Wenye utepe ndio wanaokufa."

Nilicheka naye. Nilicheka, Mapendo, kisha nikashika kazi.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo penye neno lenyewe. Nilijua tangu Jumanne saa nne asubuhi. Nyuma ya magorofa yetu kulikuwa na miti mingine iliyokuwa inakufa kwa wadudu wa ndani ya gome, na nilikuwa nimeiona imefungwa utepe wa rangi ile ile kabla hata sijakufungia wako. Nilikuwa nimeiona na sikujiuliza. Jumanne hiyo nilirudi jioni sana, mgongo umekufa, nikasema kesho. Jumatano nilikaa kitandani kuvua buti, nikavua moja, nikalala na la pili mguuni. Mama yako anaisimulia hiyo kama kichekesho. Hajui ilikuwa Jumatano gani.

Kwa miaka mingi nimejiambia ulikuwa uchovu. Haukuwa uchovu peke yake. Kuukata utepe ule kwa kisu kungenichukua muda wa kufungua mlango na kuufunga. Lakini niliogopa mtu akinikuta pale ataniuliza nani aliufunga, na utepe umetoka wapi, na mimi nilikuwa na mwezi mmoja kazini na nilikuwa nimeuchukua bila ruhusa. Niliwaza watasema Mkongo ni mwizi. Nikasema, labda wakata miti hawatakuja wiki hii.

Walikuja Alhamisi.

Nilipofika jioni, ulikuwa umekaa juu ya ukingo wa maegesho. Shina lilikuwa limeshachukuliwa. Matawi machache yalibaki uwanjani na viwavi walikuwa wanatambaa juu ya lami, huku na huku, wanatafuta jani. Nikakimbia ndani kuleta ndoo, nikasema tuwakusanye. Ukasema, "Waache." Nilikuwa sijawahi kusikia sauti hiyo kwako. Magari yaliingia, yakawakanyaga, na wewe ulitazama.

Ukaniambia mwanamume mwenye msumeno alikuwa amemwonyesha mwenzake matawi yaliyobaki uchi, akasema wadudu wameumaliza huu. Ulikuwa umeelewa kila neno. Kiingereza chako kilikuwa kimeshazidi changu. Ukanitazama usoni, ukaniuliza, "Papa, ni viwavi wangu waliouua?"

Nikasema, "Labda."

Hilo ndilo neno nililolibeba. Sikusema ndiyo, nisije nikawa mwongo. Sikusema hapana, nisije nikaulizwa basi ni nani. Nikatafuta neno la katikati la kujifichia, nikaingia humo, nikakuacha wewe nje.

Tangu hapo nimeliona likitembea na wewe. Ulipokuwa na miaka kumi na mbili mwalimu alitaka uwatunze samaki wa darasa wakati wa likizo, ukakataa, ukasema wapewe mtu mwingine. Jirani wa hapa Champlin alikuletea paka bure. Ukamshika dakika moja, ukamrudisha. Mama yako alidhani hupendi uchafu. Kila mara nilitaka kusema, na kila mara jambo lilikuwa limekua zaidi. Siku ya kwanza lilikuwa utepe. Mwaka wa pili lilikuwa utepe na mwaka mzima wa kunyamaza. Sijui kama umeshawahi kuacha chungu bila kukiosha. Kadiri kinavyokaa ndivyo unavyokiogopa.

Kuna kitu kingine nilikuficha nilipokusimulia kuhusu kamba za msituni. Nilisimulia kama mtu mwadilifu. Nilipokuwa na miaka tisa nilifungua fundo la mjane mmoja jirani yetu, nikachuma viwavi wake wote, nikala na rafiki zangu. Mama yangu, yule ambaye wewe umechukua jina lake, alijua kwa kunitazama mdomo tu. Hakunipiga. Alinishika mkono akanipeleka mpaka uani kwa yule mjane, akasimama nyuma yangu. Hakusema neno. Nilitazama chini, nikatazama kuku, nikatazama paa. Jua likazunguka. Mwishowe nikasema, "Ni mimi." Mjane akaniangalia, akasema, "Na umewachuma kabla hawajanona, mpumbavu wewe." Kisha akanipa kigoda nikae, nikala ugali kwake. Tuliporudi mama alikuwa anaimba.

Nimefikiria sana kigoda kile. Nilikuwa na hakika atanichukia, na ndiyo maana nilichelewa. Mtu mzima nikarudia kosa lile lile la kumdhania mwenzangu vibaya, na safari hii mwenzangu alikuwa mtoto wangu.

Sasa nikuambie kuhusu mti wenyewe, maana kazi hii imenifunza kitu. Unaitwa katalpa. Ndio wa mwisho kuvaa majani hapa Minnesota. Kila mwezi wa tano watu wanatupigia simu kwamba mti wao umekufa, njooni mkate, na siku hizi bosi ananituma mimi kuwaambia wasubiri. Nakwaruza kijitawi kwa ukucha, nawaonyesha kijani chini ya gome.

Ulipokuwa na miaka kumi na tatu tuliitwa kwa bibi mmoja Eden Prairie. Katalpa yake ilikuwa imeliwa na viwavi mpaka ikabaki mifupa, jani hata moja halikusalia, na alikuwa analia akitaka ikatwe. Walikuwa wale wale, na pembe yao. Shefu akamwambia, mama, usikate, mti huu umezoeana na wadudu hawa kuliko wewe ulivyozoeana na mumeo. Bibi akacheka katikati ya machozi. Baada ya wiki tatu tukarudi kukata nyasi. Nilishuka kwenye gari nikasimama. Mti mzima ulikuwa umetoa majani mapya, madogo, laini kama masikio ya sungura. Beto akaniuliza nina nini. Nikasema vumbi.

Siku hiyo sikula chakula nilichofungiwa. Nilichuma jani moja, nikaliweka kwenye kikopo cha chakula nikuletee. Ulikuwa kwenye simu na rafiki yako. Nikakukabidhi. Ukasema, "Ni jani, Papa?" Nikasema ndiyo, ni jani. Nikaenda kuoga. Niliingia nyumbani na ukweli wote mkononi, nikautoa kama jani.

Basi leo nautoa wenyewe. Viwavi wako hawakuua kitu. Mti ungejivika tena kabla shule haijafunguliwa. Uliwatunza vizuri, uliwalinda na mawe, uliwajua wote mmoja mmoja, na huyo mmoja aliyekufa kwa kukaangwa nilimla mimi. Aliyeuweka mti wako kwenye msumeno, akajua, akapata siku mbili za kuuokoa na hakunyanyua mguu, kisha akakuacha ujishtaki miaka minane, ni mimi.

Nimeandika hapo, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Bado imeandikwa.

Sitaki unisamehe haraka kwa sababu kesho ni safari. Unaweza kukasirika, una haki, na hasira yako naijua, ni ya kimya kama ya bibi yako. Kasirika mpaka ufike mwisho wake. Ninachokuomba ni kitu kimoja tu, usiende Duluth ukiwa na lile "labda". Utashika mikono ya watu wagonjwa. Wengine watakufa, hata ukifanya yote sawasawa, kwa sababu watu hufa. Siku hiyo usije ukasimama kwenye maegesho ukiwa na miaka kumi. Na kama siku nyingine kosa litakuwa lako kweli, maana siku hiyo nayo itakuja, sema mapema, lingali na ukubwa wa utepe. Hilo sikuambii kwa busara. Nakuambia kwa sababu mimi nilingoja, na nimeona linavyonenepa.

Alhamisi hii, baada ya kazi, nilikwenda New Hope. Sijui kwa nini sikuwahi kurudi. Magorofa yamepakwa rangi nyingine. Nyuma ya mapipa, kando ya uzio, nilidhani nitakuta kisiki. Kisiki kipo. Lakini pembezoni mwake yamechipuka mashina manne, kila moja nene kama paja langu, na yameshapita paa la ghala. Hakuna aliyejishughulisha nayo. Maganda yako ya maharagwe yananing'inia. Nikainua jani moja la chini, nikakuta limeliwa ukingoni, na chini yake walikuwa wanne, na pembe zao.

Mfukoni nilikuwa na utepe wa machungwa, maana siku hizi naukuta kila mfuko wa suruali. Niliuacha mfukoni. Nikang'oa nyasi ndefu za kwenye uzio, nikakaa ukingoni pale pale ulipokaa, nikaanza kusokota kamba kama mama alivyonifundisha. Vidole vilikuwa vimesahau. Ilikatika mara mbili. Ya tatu ikashika. Sikuufunga mti. Fundo la kwanza lilikuwa lako, hata la pili si langu kulifunga.

Kesho asubuhi nitakupa barua hii ukiwa unakunywa chai, na nitakwenda nje nijifanye naangalia matairi. Kamba iko kwenye gari, juu ya kiti chako. Kutoka hapa Champlin kwenda Duluth, New Hope haiko njiani, ni kurudi nyuma, na mama yako atauliza tunakwenda wapi. Nimeshamwambia nitamweleza, na nitamweleza. Nitaegesha karibu na mapipa, nitazima injini. Ukitaka tuendelee na safari, gusa bega langu, nitawasha bila kuuliza. Ukitaka kushuka, shuka peke yako kwanza.

Mimi nitabaki ndani ya gari mpaka uniite nije nione.

Papa yako